Chupa ya Mafuta ya Papa

Winslow Pitcher, ambaye mji mzima wa St. George's, hapa kisiwani kwetu, ulimwita Siagi kwa jinsi maneno yalivyomteleza mdomoni, alikuwa na siri moja tu ya kweli maishani: aliogopa upepo. Sisemi upepo wa kupeperusha kofia. Nasema kimbunga. Mwaka juzi alikuwa amejibanza ndani ya banda la mashua la watu kule ufukweni, kimbunga kikaja kikafunua paa kama mpishi anayefunua sufuria kuona kama wali umeiva. Siagi akashinda pale chini amekumbatia nanga, akimwahidi Mungu mambo ambayo mpaka leo hajatimiza hata moja. Tangu hapo, msimu wa vimbunga ukinukia tu, yeye huanza kulala na viatu miguuni.

Ndiyo maana mwaka huu aliapa kwamba upepo wa kwanza wa maana utamkuta yuko Toronto kwa dada yake. Kilichopungua ni tiketi ya ndege. Tusimsingizie uvivu, Siagi alikuwa mchapakazi hodari wa shughuli zote zisizo kazi. Aliwahi kuwatoza watalii kiingilio cha lile kanisa lisilo na paa juu ya mji, ambalo hata ndege wa angani huingia bure. Aliwahi pia kumkodishia Mwingereza mmoja benchi la serikali, na Mwingereza akashukuru.

Basi asubuhi moja ya Agosti aliingia katika duka la vitu vya kale la Amaro DeFrias, Mreno mnene mwenye macho ya usingizi, akiwa na dira aliyodai ilitoka kwenye merikebu iliyozama. DeFrias aliigeuza, akakuta mgongoni imebandikwa bei ya duka la vitu vya watoto.

"Kwanza habari za asubuhi," alisema DeFrias.

"Habari za asubuhi, Bwana DeFrias."

"Sasa. Hii dira yako inasema kaskazini iko kwenye friji yangu. Niondolee." Akahema kwa uchovu. "Ungeniletea kitu cha maana, Siagi. Sanduku la mwerezi, kwa mfano. La kweli, la kabla mierezi ya kisiwani haijafa kwa ugonjwa."

"Yamebaki wapi hayo?"

"Limebaki moja, kwa Bibi Ismay Lightbourne, Kichochoro cha Chumvi. Nimembembeleza mpaka ulimi umeota sugu, hauzi. Lakini mtu akiniletea lile sanduku, tena mwenyewe akiwa ameridhia, maana sitaki polisi dukani kwangu, namkatia tiketi ya ndege siku hiyo hiyo. Aende anakotaka."

Siagi aliiokota dira yake. Tiketi. Neno lenyewe lilikuwa kama limetoka mbinguni likapitia kwa Mreno. Aliaga kwa heshima zote, na DeFrias akarudi kusinzia kama kawaida yake, jicho moja likibaki wazi kidogo.

Kichochoro cha Chumvi kilikuwa cha mawe, chembamba, nyumba zake za rangi za peremende zikitazamana karibu kugusana. Siagi alikaa pale na chupa ya soda ya tangawizi mkononi akijifanya anapunga hewa, na kabla tangawizi haijaisha alikuwa ameona kitu ambacho wakaazi wenyewe walikuwa hawakioni tena kwa kukizoea. Kila mtu aliyetoka nyumbani kwake, kabla hajafanya lolote, aliinua macho kwenye ukuta wa Bibi Ismay, mahali ilipotundikwa chupa ya mafuta ya ini la papa.

Chupa za namna hiyo kila mtu anazo, au babu yake alikuwa nayo. Mafuta yakiwa maangavu, hali ya hewa ni shwari. Yakichafuka, funga madirisha. Lakini marehemu mume wa Bibi Ismay alikuwa mvuvi wa papa mwenye jina, kwa hiyo chupa yake ilikuwa na cheo. Watu walikuwa na simu zenye picha za mawingu zilizopigwa kutoka angani, na bado walitaka kusikia chupa inasemaje.

"Habari za asubuhi, bibi," aliita Vashti Minors, jirani wa mlango wa pili, mama mwenye sauti ya kuita meli. "Leo yanasemaje?"

"Nzuri, mwanangu. Yako safi. Anika nguo zako."

Vashti akaanika nguo, kisha akamletea bibi samaki mzima kwa shukrani. Siagi akaweka chupa yake ya tangawizi chini taratibu. Dirishani kwa Bibi Ismay, nyuma ya pazia, aliliona sanduku lenyewe, jekundu kama chai ya rangi. Kuiba kulikuwa nje ya mjadala. Kisiwa chetu ni kidogo mno kwa wizi. Ukiiba kitu leo, kesho unakutana na mwenyewe kwenye foleni ya mkate. Lakini kitu ambacho mtu amekukabidhi kwa mikono yake miwili, tena akikushukuru, huo si wizi. Hiyo ni huduma.

Kulipokaribia kupambazuka kesho yake, Siagi alinyata hadi ukutani, akafungua kizibo, akatia kijiko cha unga wa ngano, akatikisa, akarudisha chupa mahali pake. Jua lilipotoka, mafuta yalikuwa yamechafuka kama maji ya kuoshea viazi.

Vashti ndiye aliyeona kwanza, na Vashti akiona kitu, mji umeona. Watu walitoka na mataulo, na miswaki mdomoni.

"Redio haijasema kitu," alisema mzee mmoja.

"Redio ilisema nini mwaka ule paa la shule lilipoondoka?" Vashti alimjibu. "Ilikuwa inapiga muziki."

Bibi Ismay alitoka na aproni yake. Alikuwa mdogo wa umbo, mkavu, na uso usiokuwa na haraka. Aliitazama chupa kwa muda mrefu kuliko watu wote, akaishusha, akakinusa kizibo, akaitundika tena. Kisha akawatazama waliokusanyika, mmoja mmoja, hadi kule mwisho ambako Siagi alikuwa amesimama akionyesha wasiwasi wa raia mwema.

"Haya," alisema. "Kumbe mwaka huu kimewahi." Akarudi ndani.

Ilipotimu saa ya watu wa ofisini, Siagi alikuwa mlangoni kwa bibi amevaa kaptula iliyopigwa pasi, soksi ndefu hadi magotini, shati jeupe na tai. Ukimwona mtu wa namna hiyo kwetu humwulizi kitambulisho. Unamwuliza utie sahihi wapi.

"Bibi Lightbourne, mimi ni ofisa wa Kamati ya Kuokoa Mali za Kale."

Bibi Ismay aliendelea kumenya njegere.

"Bibi Lightbourne? Nimetumwa kuhusu kimbunga."

"Mama yako alizaa watoto wangapi?"

"Watatu, bibi."

"Na hakubahatika hata mmoja anayejua kusalimia?"

Siagi alirekebisha tai. "Habari za asubuhi, bibi."

"Nzuri, mwanangu. Karibu ukae. Ulikuwa unasema unaokoa nini?"

Hapo Siagi akafungua mfereji. Alisema maji ya bahari yatapanda kichochoroni hadi viunoni. Alisema kamati imepewa chumba ndani ya ngome ya zamani kule mlimani, kuta nene kuliko dhamiri ya mwanasiasa, kwa ajili ya kuhifadhi samani za mwerezi bure kabisa mpaka msimu upite. Aliongea kwa uchungu hadi akajihurumia mwenyewe. Alipomaliza, Bibi Ismay alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya aproni.

"Mungu amekuleta," alisema. "Hilo sanduku mume wangu alilitengeneza kwa mkono wake. Sijalala kwa kulifikiria. Lichukue, mwanangu."

Siagi alisikia injini za ndege.

"Ila," alisema Bibi Ismay.

"Ila nini, bibi?"

"Naijua mimi roho yangu. Sanduku litakuwa salama, halafu mimi nitabaki hapa na lile dirisha linaloning'inia, nikilifikiria dirisha badala ya sanduku. Usiku utaingia nitashindwa, nitakuja hadi huko ngomeni nikudai sanduku langu, bora tuzame wote. Ungenipigia pale msumari mmoja tu, ningetulia."

"Mmoja tu?"

"Mmoja tu, mwanangu."

Siagi alivua tai, akapiga msumari. Ulikuwa msumari mzuri. Tatizo ni kwamba ulikuwa na ukoo mkubwa. Alipoupiga, ikaonekana kwamba kifuniko cha mbao cha dirisha lile kimeoza pembeni, na huwezi kupigilia msumari kwenye uozo. Alipobadilisha mbao, vifuniko vya madirisha mengine vilionekana vibaya kwa kulinganishwa. Alipovimaliza vile, bibi alishika kifua akakumbuka paa.

"Chokaa yake imeanza kubanduka. Upepo ukipata mahali pa kushika kucha, umekwisha. Wewe ofisa unalijua hilo kuliko mimi."

Ofisa alilijua. Akapanda juu ya paa, maana paa za kwetu ni za mawe, akayakwangua mawe, akayapaka chokaa mara mbili huku jua likimchoma shingo na soksi zake ndefu zikigeuka ngumu kama mbao. Halafu ikawa zamu ya mti wa mparachichi uliolalia ukuta, ukakatwa matawi. Halafu zamu ya tangi la maji chini ya nyumba, kwa kuwa maji ya mvua yanayotoka paani ndiyo ya kunywa na hayataki mchezo. Siagi aliingia kwa ngazi, akasugua kuta za tangi kwa brashi akiwa amepiga magoti gizani, na kutoka juu akasikia sauti ya Vashti ikishuka kwenye tundu.

"Habari za mchana, ofisa. Siku hizi ofisi yenu ni humo?"

"Tuko kwenye kazi za nyanjani, mama," alijibu Siagi.

"Naona. Ukitoka pitia kwangu, na mimi nina mali ya kale. Choo."

Kichochoro kizima kilicheka, na mwangwi wa kicheko ukamzunguka mle ndani kama amefungiwa nacho. Angeweza kuondoka. Nakuhakikishia alifikiria kuondoka. Lakini kila alipopanda kutoka tangini alipita mbele ya lile sanduku, akaona Toronto imekaa juu yake inamsubiri, naye akaenda kuchukua brashi nyingine.

Kulikuwa na kazi ya ziada ambayo hakuna aliyemwonea huruma. Unga una tabia ya kutuama. Kila alfajiri mafuta yalikuwa yameanza kung'aa, na ilibidi Siagi ayatikise na kuongeza kijiko, maana mafuta yakitulia na kimbunga chake kimekufa. Alikuwa akiuchukua unga katika jiko la Bibi Ismay mwenyewe. Sioni sababu ya kumlaumu. Mtu aliyekuwa anafanya kazi bure hawezi pia kununua unga.

"Ajabu, mwanangu," alisema bibi siku moja akimwekea sahani ya samaki wa chumvi, viazi na parachichi. "Unga wangu unaisha na sijaoka kitu."

"Panya, bibi."

"Lazima. Tena panya mrefu, maana kopo liko rafu ya juu."

Siagi akatafuna kwa makini sana.

Mwisho kilibaki chumba kidogo cha nyuma, kinachotazama bandari. Kifuniko cha dirisha lake kilikuwa kizima, ila bawaba ya chini ilikosa bolti. Duka la vyuma lilikuwa ng'ambo ya mji, kwenye mlima, na jua lilikuwa limesimama wima. Siagi alichungulia kushoto na kulia. Akatoa chingamu mdomoni, akaishindilia kwenye tundu la bolti, akaisawazisha kwa kidole gumba, akaipaka rangi ya kijani. Ikapendeza. Ilipendeza kuliko bolti. Upepo ukija, alijiambia, mimi nitakuwa juu ya mawingu nakula karanga za bure.

Bibi Ismay alikuja kukagua. Alizunguka nyumba yote, akagonga hapa, akavuta pale. Katika chumba cha nyuma alisimama kidogo, akapitisha kidole kwenye bawaba.

"Umemaliza, mwanangu?"

"Kila kitu, bibi. Hata mimi ningelala humu bila wasiwasi."

"Hayo ndiyo nilitaka kusikia," alisema Bibi Ismay. "Chukua sanduku."

Alimsaidia kulifunga kwa blanketi. Siagi alipolisukuma kichochoroni kwa mkokoteni wa kuazima, bibi alibaki mlangoni ameficha uso ndani ya aproni na mabega yakimtikisika. Siagi alisikitika kidogo, kwa heshima ya tukio, kisha akasahau.

Njia ya kwenda kwa DeFrias ilikuwa ya kupanda, na hewa ilikuwa nzito kuliko ilivyostahili. Hakukuwa na ndege hata mmoja juu ya bandari. Watu walikuwa wanavuta mashua kutoka majini na kuingiza pikipiki zao sebuleni, na Siagi akawahurumia kwa jinsi uongo wake ulivyowaingia. Alifika dukani akitweta.

"Habari za mchana, Bwana DeFrias. Kata tiketi."

DeFrias aliamka. Alifunua blanketi, akatoa kisu kidogo mfukoni, akakwangua sehemu ya chini ya sanduku ambako macho hayafiki. Rangi nyekundu ikabanduka. Ndani yake kulikuwa na ubao mweupe, mwepesi, na juu ya ubao herufi za buluu zilizofifia.

"Soma," alisema.

Siagi akasoma. Zilisema SAMAKI WA CHUMVI, WEKA PAKAVU.

"Makreti," alisema DeFrias. "Marehemu Lightbourne alikuwa fundi wa kutisha. Anachukua makreti ya dukani, anapaka rangi, anasugua na mafuta ya mwerezi upate ile harufu. Mwerezi wa kweli waliuuza zamani walipokuwa na shida." Akarudisha kisu mfukoni. "Amekupa kazi gani safari hii? Bado paa?"

Siagi alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu abatizwe Siagi, hakuna kilichoteleza.

"Mwaka jana alikuja mmoja na kola ya kichungaji," DeFrias aliendelea. "Akajenga ule ukuta wa nyuma. Kazi safi, ukuta haujapata hata ufa. Mwingine, mwaka huohuo, alirudisha paa na kuzibua mabomba. Mimi huwaambia tu kwamba kuna sanduku. Ujanja wanakuja nao wenyewe. Bibi Ismay alinishika wakati wa ubatizo wangu, siwezi kumnyima kitu. Na pai yake ya mhogo ya Krismasi, Siagi, nisikudanganye."

Redio iliyokuwa inaunguruma pembeni ilikatisha muziki. Mtangazaji alisema kwa sauti ya watu waliovaa tai kwamba kimbunga kilichokuwa kikielekea baharini kimegeuka, kinakuja moja kwa moja kisiwani, kinatarajiwa kutua mchana huu, na uwanja wa ndege umefungwa.

Siagi aliifunika redio kwa blanketi.

"Nihifadhi hapa," alisema. "Nakuomba, Amaro. Nitalala chini ya meza."

"Wewe? Dukani kwangu? Na vitu vyangu vyote gizani?" DeFrias alikuwa tayari anateremsha mbao za madirisha. Alimsukumia mkate wenye samaki ndani yake, akamtoa nje kwa upole. "Nenda kwenye nyumba nzuri. Tena unaijua iliko."

Siagi alikimbilia kwanza kwenye banda la mashua, kwa mazoea. Mlango ulikuwa umeshaanza kupiga makofi peke yake. Aliikuta ile nanga yake ya mwaka juzi imelala palepale, akaitazama, na machozi yakamtoka. Mtu mzima mwenye soksi ndefu, analia mbele ya nanga. Alikuwa anaogopa kufa, hilo tulisema tangu mwanzo, na hakuwa na mahali popote duniani pa kusimama isipokuwa mlango mmoja. Basi akageuka akakimbia huku mvua ikimpiga ubavuni, na kila paa alilolipita akalitazama kwa jicho la fundi, akajua lipi litabaki na lipi halitafika jioni.

Kichochoro cha Chumvi kilikuwa kimefungwa chote. Aliupiga mlango wa Bibi Ismay kwa ngumi zote mbili.

"Bibi! Nifungulie! Bibi, nakufa!"

Upepo ulinyanyua ndoo ya mtu ukaipitisha juu ya kichwa chake.

"Nifungulie, bibi!"

"Watu husalimiana kwanza," ilisema sauti ya ndani.

Siagi aliegemeza paji la uso kwenye ubao alioupaka rangi kwa mkono wake. "Habari za mchana, bibi."

"Nzuri, mwanangu," alisema Bibi Ismay, na mlango ukafunguka.

Jikoni kulikuwa na taa ya mafuta, joto, na sufuria ya supu ya samaki ikichemka. Sahani zilikuwa mbili. Siagi alizitazama zile sahani, kisha akamtazama bibi.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu asubuhi ile ya kwanza." Alimtupia taulo. "Ile chupa haina mafuta ya papa. Ya papa niliyamaliza zamani kwa kujichua magoti. Yale ni mafuta ya kukaangia, niliyatia tu ili watu wasihuzunike. Mafuta ya kukaangia hayajui habari za kimbunga, mwanangu. Nilipoyakuta yamechafuka nikajua kimbunga hakijaja, ila mjanja amefika."

"Na samaki wa Vashti? Anakushukuru kwa utabiri gani?"

"Mimi huchungulia jirani. Chupa ya mzee wa kona ni ya kweli. Yake ikichafuka, namwambia Vashti. Sijawahi kumkosesha." Alikoroga supu. "Jana ilichafuka."

Upepo uliipiga nyumba kwa nguvu, na Siagi akainama akafunika kichwa. Nyumba haikutikisika. Bibi Ismay alimwona, na uso wake usio na haraka ukalegea kidogo.

"Mwaka juzi paa langu liliondoka nikiwa nimekaa chini yake," alisema. "Hapo ulipo. Nilipiga simu kwa mafundi mpaka Krismasi, hakuna aliyenijibu. Mjane wa mvuvi nani anamkimbilia? Niliogopa, mwanangu. Mpaka leo naogopa. Nikasema, kama waaminifu hawaji, nitawatumia wanaokuja."

"Hata mimi naogopa," alisema Siagi. Hakumbuki kama aliwahi kusema kitu cha kweli kifupi hivyo.

"Nilikuona unavyolitazama anga. Haya, nimekutandikia chumba cha nyuma. Kajibadilishe hizo nguo."

Siagi alishafika katikati ya chumba cha nyuma, amevua shati, ndipo alipokumbuka. Alikitazama kifuniko cha dirisha. Bawaba ya kijani ilimtazama naye. Upepo wa bandari ulivuta pumzi, ukasukuma, na chingamu ikachomoka tunduni ikamgonga kwenye paji la uso.

Kifuniko kilifunguka kwa chini kama mdomo. Siagi aliruka, akageuka, akakiwekea mgongo, miguu ikakanyaga ubao wa kitanda. Maji ya bahari yalimpita kila upande wa mbavu. Alisukuma kama hajawahi kusukuma kitu, yeye ambaye maisha yake yote alisukuma maneno tu.

"Mwanangu," aliita bibi kutoka jikoni, "mbona kuna kelele huko?"

"Hakuna kitu, bibi. Nasali."

"Sali kwa sauti, basi, na mimi niitikie."

Akasali. Alisali mchana ule vitu ambavyo hata mchungaji hana, na kila upepo ulipoongeza nguvu, kutoka jikoni bibi aliitikia amina. Mikono ilimwisha, mgongo ukachubuka, akaahidi tena yale ya mwaka juzi na kuongeza mengine mapya. Kisha, ghafla, kila kitu kikanyamaza. Mwanga wa jua ukapenya kwenye nyufa. Jicho la kimbunga lilikuwa limefika juu ya mji.

Bibi Ismay aliingia akiwa na kopo la bati. Alichokonoa ndani yake, akatoa bolti moja nzito, kavu, iliyopakwa grisi, akamwekea kiganjani.

"Ilikuwepo siku zote?" aliuliza Siagi.

"Siku zote. Hukuuliza."

"Kwa hiyo hiki chumba ulinipa makusudi."

"Mimi kila fundi humlaza pale alipolipua kazi," alisema Bibi Ismay. "Yule wa kola alilala amegemea ukuta wake, kesho yake akaujenga upya. Fanya haraka, mwanangu, upande wa pili wa upepo ndio mbaya."

Siagi aliifunga ile bolti. Aliikaza, akaijaribu, akaikaza tena, akaining'inia kwa uzito wake wote. Nadhani ndiyo kazi ya kwanza ya halali aliyoifanya katika maisha yake, na aliifanya vizuri sana. Halafu bila kuambiwa akazunguka nyumba yote, akakagua kila komeo, na alipofika kwenye mlango wa Vashti akamkazia na wake.

Upepo uliporudi, ulirudi na hasira. Ulipiga vile vifuniko, ukalipanda lile paa ukitafuta mahali pa kushika kucha, ukakosa. Jikoni, Siagi alikuwa amekaa mezani amevaa kanzu ya kulalia ya marehemu Lightbourne, akinywa supu yenye pilipili na tone la ramu.

"Bibi," alisema, "lile sanduku, utalipataje?"

"Amaro atalileta Jumamosi. Huwa analirudisha." Bibi Ismay alimwongezea supu mpaka ukingoni. "Ila amekuja juu mwaka huu, anasema na yeye paa la duka lake linataka kukwanguliwa na kupakwa chokaa. Nikamwambia asijali, nina fundi."

Siagi alitaka kukataa. Alitafuta maneno, yale ya kuteleza. Lakini juu ya kichwa chake upepo ulikuwa unanguruma na paa limetulia, supu ilikuwa ya moto, na mdomo wake ulikuwa umejaa.

"Chokaa mara mbili au mara tatu?" aliuliza alipomeza.